Mwokaji wa Hoteli ya Kingi Joji

Mtie machoni, ndugu yangu, mwanamume huyu anavyofika. Ni asubuhi ya mwaka wa pili wa uhuru, na njia itokayo Ukunda kwenda ufuoni Diani ingali mchanga mtupu kati ya vichaka. Ameteremka katika lori la mbata, sasa anakwenda kwa miguu. Viatu vyake vyeusi vililala stoo miaka minne bila kuvaliwa, ngozi ikakauka ikawa ngumu kama kifuu, na kila hatua vinamwuma, lakini hachechemei. Anafika kwenye hoteli mpya ambayo bado inanuka chokaa, anauona mlango wa ofisi u wazi. Haingii. Anasimama hatua moja nje ya kizingiti, visigino vimekutana, mikono nyuma, macho mbele, anangoja. Hapigi hodi, hakohoi. Lau waliokuwamo ndani wasingemsemesha, angesimama pale mpaka jua lichwe.

Jina lake Mramba, Mduruma wa Taru, umri wake miaka thelathini na kidogo. Kusimama namna ile hakufundishwa na mama yake. Ni mazoea ya jela, kwani huko huingii mlangoni mpaka uambiwe, na ukiambiwa huulizi mara mbili. Alipotoka alikwenda Munje kwa mama yake mdogo, Bi Kanze, aliyeolewa huko na wavuvi, akasimama vivyo hivyo nje ya nyumba mpaka yule mama akatoka kumwaga maji, akamkuta.

"Mwanangu, unamngoja nani?"

"Nangoja niambiwe niingie, mama."

Bi Kanze aliiweka sufuria chini pole pole. "Basi ingia," akasema. "Na kwangu mimi, ukiambiwa leo imetosha kwa siku zote."

Alifungwa kwa kosa gani? Sitakuficha, maana yeye mwenyewe hakuwa akificha. Aliiba mafahali wawili wa tajiri mmoja mwenye ranchi, akawaswaga mpaka mnada wa Mariakani, na kabla mnunuzi hajawashika pembe, askari walikuwa wamemshika yeye. Hakimu alimwuliza, naye akakubali. Akapewa miaka minne. Aliingia chini ya bendera moja, akatoka chini ya nyingine. Askari wa jela walikuwa wamebadilishiwa nembo za kofia, lakini maharagwe, alikuwa akisema, hayakupata uhuru.

Huko ndani alitiwa jikoni, kisha kwenye tanuri la mikate, chini ya mfungwa mmoja mzee wa kifungo kirefu. Mzee yule hakuwa na saa wala mizani. Alimfundisha kuudonoa unga kwa kidole: shimo likibaki, unga bado umelala, shimo likijaa pole pole, kama mtu anayekurudishia salamu, utie motoni. Mramba alioka mikate ya watu mia tatu kila siku iliyomjia. Akatoka na vitu viwili, karatasi ya kufunguliwa na mikono ya fundi. Karatasi aliikunja akaitia chini kabisa ya mkoba. Mikono akaitangulizia mbele, akaenda kutafuta kazi.

Hakuwa na wasiwasi. Alijua anachokijua. Lakini kila alipokwenda, swali lilikuwa lile lile: miaka minne hii ulikuwa wapi? Naye alijibu neno moja, "Jela." Msimamizi wa shamba la miwa aligeuza uso aliposikia neno lile kama mtu aliyepigwa na jua. Mwenye kiwanda cha mbao alisema nafasi imejaa, na nyuma yake misumeno ilikuwa imelala haina mtu. Mwenye duka mmoja wa Msambweni alimwachia aoke mkate wa kujaribu, akaula wote amesimama, akalamba na vidole.

"Mkate wako unaushinda wangu," akasema yule mwenye duka. "Lakini wateja wangu wakijua ni mikono ipi iliyoukanda, wataniuliza mimi. Nenda salama."

Mramba alirudi Munje, akavua viatu. "Leo mkate umekubaliwa," akamwambia Bi Kanze. "Bado mtu tu."

Bi Kanze alikuwa akipepeta mchele. Akasema bila kuinua macho, "Kwani lazima neno ulitoe uchi? Ukweli ni ukweli hata ukivikwa kanga. Ukiulizwa, sema ulikuwa Hoteli ya Kingi Joji."

Hapo ikiwa wewe ni kijana, pengine hulijui jina hilo, basi nikueleze. Tangu enzi za Wazungu, pwani yote iliita jela hivyo. Chakula bure, malazi bure, mlinzi mlangoni, na mgeni hachagui siku ya kuondoka. Kingi mwenyewe alikuwa amekufa zamani, na waliomrithi walikuwa wamekunja bendera yao wakaenda zao, lakini hoteli haikubadilishwa jina. Lilikuwa neno la heshima, la kumsitiri mtu mbele za watu.

"Mtu akilisikia atacheka kwanza," akasema Bi Kanze. "Na mtu akishacheka nawe, huona haya kukufukuza."

Hayo ndiyo maneno aliyokuja nayo Mramba mpaka mlango ule wa Diani.

Ndani ya ofisi mlikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa Mzungu, meneja wa hoteli, mgeni kutoka nchi ya milima na theluji, ambaye alikuwa hajatimiza miezi miwili tangu ashuke merikebuni. Watumishi walimwita Bwana Saa, kwa vile hakuweza kusema maneno matatu asiangalie mkono wake. Kiswahili hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Wa pili alikuwa Chande, karani, Mdigo wa pale pale Diani, kofia yake ya kushona nyeupe kama jino, Kiingereza chake kimenyooka. Yeye ndiye aliyekuwa ulimi wa Bwana Saa na masikio yake.

Bwana Saa alimtazama Mramba alivyosimama, akamnong'oneza karani jambo.

"Ingia," akasema Chande. "Bwana anasema umesimama kama mtu aliyefunzwa kazi. Anauliza, umepata kufanya kazi hotelini?"

Mramba alitabasamu kidogo, akajibu kama alivyoelekezwa. "Nilikuwa Hoteli ya Kingi Joji. Miaka minne. Nilikuwa mwokaji mikate."

Chande aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Masharubu yalimcheza. Kisha akamgeukia Mzungu, na kwa Kiingereza safi, bila kucheka, akafasiri neno kwa neno: huyu alikuwa mwokaji miaka minne katika Hoteli ya Kingi Joji.

Mramba alingoja kicheko. Hakikuja. Bwana Saa alikuwa akiandika.

"Anauliza, hiyo hoteli ni kubwa?"

"Kubwa. Wageni mia tatu, na siku nyingine huzidi."

"Anauliza, hata msimu wa mvua?"

"Mvua na jua. Sikuona siku wageni wamepungua."

"Anasema hilo ni ajabu. Kwa kawaida mgeni hukaa muda gani?"

"Wachache hukaa wiki. Wengi hukaa miaka."

Chande alikohoa ndani ya kiganja, akafasiri. Bwana Saa akaweka kalamu chini, akaishika tena.

"Anauliza habari za ulinzi."

"Mlinzi hatoki mlangoni, usiku na mchana. Hapotei mtu."

"Na chakula? Wageni walilalamika?"

"Walilalamika. Lakini mkate haukulalamikiwa hata siku moja."

"Mbona basi uliondoka?"

"Muda wangu ulikwisha. Mkubwa wa pale alinipa mkono, akaniambia niende salama."

Bwana Saa aliangalia saa yake, akaangalia bahari dirishani, akasema maneno marefu kwa sauti ya mtu anayeota. Chande akayageuza: "Bwana anasema, Mungu akimjalia, baada ya miaka mitano angependa hoteli yake hii iwe kama ile."

Hapo ndipo Mramba alipotambua kwamba yule mtu hakuwa anafanya mzaha. Alidhani Wazungu wote wanalijua jina lile, kwa kuwa Kingi alikuwa wao. Akafungua kinywa. Kabla neno halijatoka, ndara ya Chande ilikuwa juu ya kiatu chake, imekanyaga. Kiatu kilikuwa kigumu, hakusikia maumivu. Alisikia maana yake tu.

"Kesho, yakhe," akasema Chande kwa utulivu. "Uje alfajiri utuokee."

Walipotoka nje Mramba alimshika mkono. "Bwana karani, yule hajui."

"Hajui."

"Na wewe unajua."

"Mimi ni mfereji, ndugu yangu. Umetia hoteli, nimetoa hoteli. Kama ungetia jela, wallahi ningetoa jela."

"Hunijui mtu wala jina. Umejitia hatarini kwa ajili gani?"

Chande alipangusa kofia yake ingawa haikuwa na vumbi. "Ndugu yangu Iddi alikaa hoteli hiyo miezi sita. Alipotoka, alizunguka na neno lake uchi kama wewe ulivyozunguka, usinifiche, viatu vinasema. Hakupata hata kazi ya kufagia. Akavuka mpaka kwenda Tanga, na huu mwaka wa tatu hatujui yu hai au vipi. Basi nikaona, wa pili akipita mbele yangu, nitamwangalia tu?"

Alfajiri ya siku ya pili hamira ya hoteli ilikutwa imekufa, imeingia unyevu ndani ya kopo, na ya Mombasa ingengoja feri. Bwana Saa alianza kuangalia saa. Mramba hakubabaika. Kwao Taru hakuna mnazi, lakini Munje alimwona Bi Kanze akiumulia unga wa vitumbua kwa tembo la mnazi. Akaomba aletewe tembo la asubuhi, lililotoka kugemwa. Wa kutumwa hakuwapo ila Chande, mtu wa swala tano, naye alikwenda, akarudi amekumbatia chupa iliyofungwa kwa gazeti.

"Umekutana na mtu?" akauliza Mramba.

"Na maalimu wangu. Nimemwambia ni siki."

"Na yeye?"

"Ameniambia siki ina povu zuri."

Mramba alicheka, lakini lile jambo lilimkaa moyoni. Alimwona Chande mtu mwema ambaye maneno hayamwelemei. Huyavika nguo na kuyavua. Akakanda, akafunika, akangoja, akadonoa kwa kidole. Unga ukamrudishia salamu. Saa mbili mikate ilitoka imevimba, ganda lake la rangi ya korosho iliyokaangwa. Bwana Saa alimega, akanusa, akala, na kwa mara ya kwanza tangu afike pwani akasahau mkono wake una saa. Mramba akaandikwa kazi siku hiyo.

Ingekuwa hadithi imekwisha, ningekuambia kwaheri hapa. Lakini kuna jina. Bwana Saa alilipenda. Kila asubuhi akipita jikoni humwamkia mwokaji wake kwa sauti, "Jambo, Kingi Joji," na wapishi hujificha nyuma ya magunia wakiumana midomo. Wafagiaji walilijua, watandika vitanda walilijua, mpaka mchuuzi wa samaki alilijua. Hoteli nzima ilicheka, ila mtu mmoja, naye ndiye aliyempa Mramba kazi. Mwanzoni Mramba alicheka nao. Wiki ya tatu, kicheko kilimkataa. Yeye alijua vilivyo kusimama mahali ambapo kila mtu anakijua kitu kukuhusu wewe. Hakupenda kumsimamisha mwingine hapo.

Mwezi wa pili Chande alikuja tanurini ameshika karatasi.

"Ameniambia niandike barua kwa meneja wa Hoteli ya Kingi Joji," akasema. "Anamshukuru kwa kazi aliyokufundisha. Tena anauliza kama anaye wa pili kama wewe."

"Wapo," akasema Mramba.

"Usinichekeshe, mambo ni mazito. Sikiliza. Barua hupotea. Hii itapotea, na ya pili itapotea, halafu atasahau."

Mramba aliendelea kukanda. "Bwana Chande, niliiba mafahali wawili wakanikalisha miaka minne. Sasa nikiiba hoteli nzima, na wageni wake mia tatu, nitakaa mingapi?"

Chande hakucheka. "Ukisema, huenda wewe ukasamehewa, una mikate. Mimi nina nini? Mimi ndiye niliyefasiri. Nina mke ndani na mama mgonjwa."

"Nitasema hukujua."

"Mdigo wa Diani asiyeijua Hoteli ya Kingi Joji? Hata huyo wa theluji hataliamini."

Basi ndugu yangu, ona palipobana. Akinyamaza, kazi anayo, na rafiki anayo yake, ila kila asubuhi ataamkiwa kwa uongo. Akisema, atarudi Munje na viatu vyake, na atamvuta pamoja naye mtu pekee aliyemfungulia mlango. Mramba alikanda unga ule mpaka ukawa laini kupita kiasi. Akaudonoa. Kidole kikarudishiwa. Akasema, "Bwana Chande, neno hili limekwisha kuumuka. Likikaa zaidi litachacha. Twende."

"Twende wapi?"

"Unifasirie."

Alikwenda na aproni yake, unga mpaka viwikoni, akasimama hatua moja nje ya kizingiti. Bwana Saa akasema, "Ingia, Kingi Joji." Neno la kuingia alikuwa amekwisha kujifunza. Chande alipita, akaketi kitini pake kama mtu anayeketi juu ya kaa la moto.

"Bwana karani," akasema Mramba, "siku ile nilikupa neno limevaa kanga. Leo nakupa uchi, nawe ulipeleke hivyo hivyo. Hoteli ya Kingi Joji ni jela. Niliiba ng'ombe wawili, nikafungwa miaka minne. Kuoka nimejifunzia humo. Sikukusudia kumchezea. Nilidhani anajua."

Sasa angalia: hapakuwa na mwingine chumbani aliyejua lugha zote mbili. Chande angeweza kusema chochote. Angeweza kusema mwokaji anaomba gunia la unga. Mramba alikuwa na maneno machache ya Kiingereza, yale ya askari wa jela: simama, hesabu, haraka, na lile moja lililoandikwa juu ya lango, ambalo kila siku kwa miaka minne lilimwangalia. Akalitegea sikio. Chande alianza kusema, pole pole, kwa maneno mengi, na Mramba alisikia yanapita kama kundi la mbuzi, hili silo, hili silo. Kisha likaja. Prizon. Likasemwa wazi, halikumung'unywa.

Bwana Saa hakuangalia saa. Alimwuliza Chande swali moja fupi, na Chande akajibu kwa neno moja, ameinamisha kichwa. Hilo nalo Mramba alilijua. Lilikuwa ndiyo.

Halafu Mzungu akatoa daftari lile la siku ya kwanza, akafungua ukurasa, akaanza kuuliza tena moja baada ya moja, na Chande akifasiri kwa sauti kavu.

"Wageni mia tatu, kweli?"

"Kweli."

"Mlinzi mlangoni usiku na mchana?"

"Kweli, bwana."

"Wengi hukaa miaka?"

"Kweli kabisa."

"Na mkate haukulalamikiwa?"

Mramba alifikiri. "Mmoja aliulalamikia. Nilimsahau. Lakini yeye hakuwa na meno."

Bwana Saa alifunga daftari. Mabega yalianza kumtikisika, na Mramba hakujua kama ni hasira, mpaka alipomwona anapangusa macho. Kisha uso ukarudi ukawa mgumu, akamgeukia karani, akasema maneno ambayo Chande aliyafasiri mwenyewe, akijitaja, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

"Bwana anasema, katika yote uliyosema hakuna uongo hata mmoja. Urudi tanurini, kesho wanakuja wageni wa Kijerumani. Na mimi anasema nibaki na makaratasi yangu. Lakini hatanitia tena kati yake na mtu. Kuanzia leo atajifunza Kiswahili mwenyewe. Anataka wewe ndiye umfundishe."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila alfajiri Bwana Saa alikuja tanurini na kijidaftari, akakaa juu ya gunia, na Mramba akamfundisha huku anakanda. Masomo ya kwanza aliyoyataka yalikuwa vitu vyote vya pwani vyenye majina mawili. Mramba aliishi na tanuri lile hata nywele zikaingia mvi, viatu vikalainika, akafundisha wengine, na wawili kati yao walitoka hoteli ile ile aliyotoka yeye. Wao hawakuhitaji kanga, Bwana Saa aliwauliza mwenyewe kwa Kiswahili, nao wakamjibu. Mpaka leo Ukunda kuna wazee wakitaka mkate mzuri huuita mkate wa Kingi.

Chande alikaa miezi saba asimsemeshe Mramba. Siku moja akaja, akasimama mlangoni mwa jiko hatua moja nje, hakuingia.

"Mimi nilikufungulia mlango," akasema. "Wewe ukanifungia wangu. Kazi ile ya ulimi nilikuwa naipenda kuliko kitu."

"Nilikutua mzigo, ndugu yangu."

"Nani alikuambia ulikuwa mzito?"

Mramba alimkatia mkate wa moto. Chande aliutazama, akaupokea, akaula pale pale amesimama, wote, kisha akaenda zake bila kuaga.

Watu wa Diani wameligawana jambo hili nusu kwa nusu. Wako wasemao Chande alimdanganya aliyemwamini, na alistahili. Na wako wasemao, lau siku ile ya kwanza angetaja jela, mkate ule usingaliokwa kamwe, wala Bwana Saa asingalijua ni mtu gani amemfukuza mlangoni. Nami nimezisikia pande zote mbili, na kila upande unanivuta ukisema. Basi wewe nawe, lau ungekuwa umeketi kwenye kiti kile, na mtu mwenye viatu vigumu, mikono nyuma, akakuambia alikuwa Hoteli ya Kingi Joji, ungefasiri vipi?